Kuboresha TEHAMA ya chuo kikuu chenye kampasi nyingi Uganda: mwongozo kamili

Chuo chenye kampasi moja huvumilia uzembe mwingi. Seva ikizima, fundi anapanda ngazi, anaiwasha, maisha yanaendelea. Kampasi zikiwa sita, kama zile za Chuo Kikuu cha Busitema zilivyotawanyika kati ya Busitema, Nagongera, Namasagali, Arapai, Mbale na Pallisa, kosa hilohilo linawaacha wanafunzi kwenye foleni mpaka gari litoke makao makuu. Kwa hiyo kila uamuzi ulio hapa chini unapimwa kwa swali moja: waya wa kwenda makao makuu ukikatika na umeme ukaondoka, kampasi ya mbali itaendelea na nini?

Kazi yote inataka miezi 18 hadi 24. Kalenda ndiyo inayoamua mengi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, na chuo cha umma hununua kwa sheria ya PPDA (mamlaka ya ununuzi wa umma), kwa hiyo kifaa kisichomo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka kitakusumbua sana. Maliza tathmini kabla ya Januari ili makadirio yaingie kwenye bajeti. Usihamishe mfumo wowote mwezi Agosti wakati wanafunzi wapya wanaripoti, wala wiki za kutoa matokeo.

Hatua ya 1: Hesabu kilichopo

Tuma watu wawili katika kila kampasi, mmoja wa mtandao na mmoja wa umeme. Kila kabati la vifaa lipigwe picha mlango ukiwa wazi. Andika aina ya kila swichi, namba yake ya kiwandani, toleo la programu yake, milango inayotumika, na tarehe ya betri za UPS (kifaa kinachoshikilia umeme kwa betri unapokatika). Ingiza yote kwenye NetBox, programu ya kutunza orodha ya vifaa vya mtandao. Lahajedwali inatosha kuanzia, ila mtu mmoja awe na dhamana nayo.

Kuna mambo matatu ambayo tathmini nyingi huyaruka. La kwanza ni umiliki: jina la chuo la .ac.ug limesajiliwa kwa barua pepe ya nani? Mara kwa mara utakuta ni barua pepe binafsi ya mtu aliyeacha kazi zamani, na siku ya kulipia ikipita hakuna anayepata taarifa. Hamishia kwenye anwani ya ofisi leo, kabla ya kununua chochote. La pili ni mifumo ya pembeni: faili za Excel za alama kwenye kompyuta ya idara, programu ya hosteli, daftari la maktaba. La tatu ni umri wa programu. CentOS 7, mfumo endeshi wa seva, iliacha kupata marekebisho 30 Juni 2024, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida 14 Oktoba 2025. Kompyuta za maabara zisizoweza kupokea Windows 11 hazihitaji kutupwa. Ziwekee RAM ya GB 8, SSD ya GB 240 na Linux, na zitaendesha kivinjari na LibreOffice kwa miaka mingine.

Hatua ya 2: Umeme kabla ya mtandao

Wengi huanza na intaneti. Ni kosa la gharama, kwa sababu malalamiko mengi ya "mtandao uko chini" chanzo chake ni umeme.

Pima mzigo halisi wa kabati kuu kwa mita ya kubana waya. Lebo za vifaa zisikudanganye. Tuseme ruta, swichi kuu, seva moja ndogo na swichi ya Wi-Fi vinakula wati 600, na unataka saa 4 bila umeme. Hiyo ni Wh (wati-saa) 2,400. Betri za lithiamu aina ya LiFePO4 zinaruhusu kutumia asilimia 80 ya uwezo wake, na inveta inapoteza kama asilimia 10, kwa hiyo unahitaji 2,400 ÷ 0.72, yaani takriban Wh 3,330. Betri moja ya volti 51.2 na Ah (ampea-saa) 100 ina Wh 5,120. Inatosha na kubaki. Ukichagua betri za asidi, usizimalize chini ya nusu: 2,400 ÷ 0.45 ni takriban Wh 5,330. Betri nne za volti 12 na Ah 100 zinatoa 4,800 tu, hazifiki. Nunua za Ah 150. Bei ya asidi ni ndogo siku ya kununua, lakini kwenye kabati lenye joto na umeme unaokatika kila siku hazichukui muda kuchoka. Kwa kampasi ya mbali, chagua lithiamu.

Hitilafu inayowachanganya mafundi ni hii: jenereta inawaka, taa zinawaka, lakini UPS inaendelea kula betri mpaka inazima. UPS imeukataa umeme wa jenereta kwa sababu volti na mzunguko wake vinayumba. Tiba zake ni mbili: punguza unyeti wa UPS kwenye mipangilio, na jenereta iwe na uwezo walau mara mbili ya ule wa UPS.

Halafu radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi duniani, na waya wa shaba uliopita nje kati ya majengo mawili ni njia yake ya kuingia. Majengo mawili yakiwa na ethi (waya unaopeleka umeme ardhini) tofauti, radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati ya ethi hizo inapita kwenye waya wa mtandao na kuunguza milango ya swichi pande zote mbili. Kanuni: kati ya jengo na jengo ni faiba tu, hata yakiwa mita 40 mbali. Faiba ya aina ya OS2 (ya masafa marefu), nyuzi 12, hata kama leo unatumia mbili, maana kuchimba mtaro ndiko kunakokula fedha. Ethi ya kabati ipimwe na isizidi omu 5. Ipime tena kiangazi, udongo ukikauka namba hupanda.

Hatua ya 3: Njia mbili za intaneti zisizofuatana

Kwa vyuo vya Uganda mlango wa kwanza ni RENU, mtandao wa utafiti na elimu ulioanzishwa mwaka 2006 na unaomilikiwa na taasisi wanachama. Mbali na intaneti, ndiko unakopata eduroam (Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, ambapo mtu huingia kwa akaunti ya chuo chake) na shirikisho la utambulisho (taasisi kutambuliana akaunti).

Kadiria ukubwa kwa hesabu rahisi. Kampasi ya wanafunzi 2,000. Chukua kuwa theluthi wako hewani saa ya kilele, kila mmoja Mbps 0.75. Inakuja Mbps 500. Ukianza na chini ya hapo, weka kikomo kwa kila mtumiaji badala ya kufunga YouTube, kwani nusu ya masomo yamo humo.

Njia ya pili ndiyo huleta udanganyifu. Kampuni mbili zinaweza kukuuzia faiba mbili zinazopita kwenye nguzo zilezile au mtaro uleule, na trekta la ujenzi wa barabara likipita zinakatika zote mbili. Dai ramani ya njia kabla ya kusaini, na kwenye mkataba iandikwe kwamba njia hazikutani hadi langoni. Kama hakuna faiba ya pili, weka ruta ya 4G yenye laini ya MTN au Airtel. Ila usiiache ibebe kila kitu. Ipangie trafiki tatu tu: uthibitishaji wa watumiaji, mfumo wa usajili na malipo. Ukiruhusu Wi-Fi ya wanafunzi ipite hapo, kifurushi kitaisha kabla ya chakula cha mchana.

Hatua ya 4: Ndani ya kampasi

Hapa hakuna maajabu. Tenganisha mitandao kwa VLAN (mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi zilezile): wafanyakazi, wanafunzi, fedha, kamera, usimamizi wa vifaa. Mpango wa anwani uwe mmoja chuo kizima, mfano 10.20.x.x Mbale na 10.30.x.x Arapai, ili fundi akiona anwani ajue ni ya wapi.

Wi-Fi ihesabiwe kwa vichwa, isihesabiwe kwa ukubwa wa chumba. Ukumbi wa watu 300, kwa watu 40 kila kifaa cha kurusha Wi-Fi, unataka vifaa 8. Tumia masafa ya 5 GHz kwa upana wa MHz 20, na kwenye vifaa vingi zima kabisa 2.4 GHz, kwa kuwa ina chaneli tatu tu zisizoingiliana (1, 6 na 11) na vifaa vinane vitapigiana kelele. Kwa wati 25 kila kimoja unahitaji wati 200, kwa hiyo swichi ya PoE+ (inayopeleka umeme kupitia waya wa mtandao) yenye bajeti ya wati 370 inatosha. Waya ni Cat6 usiozidi mita 100.

Hatua ya 5: Orodha moja ya watu

Chuo kikiwa na fedha za kufanya jambo moja tu mwaka huu, lifanywe hili. Mifumo yote itakayokuja baadaye, iwe ya masomo, maktaba, barua pepe au Wi-Fi, inauliza swali moja: huyu ni nani, na bado ni wetu? Chuo kisichojibu swali hilo kwa uhakika hununua mfumo mpya na kuumwagia uchafu wa zamani.

Angalia rekodi hizi tatu. Ofisi ya fedha ina NAKATO AISHA. Ofisi ya msajili wa taaluma ina Aisha Nakato. Maktaba ina Nakatto Aysha. Ni mtu mmoja? Huenda. Lakini kompyuta ikiambiwa ilinganishe tarehe ya kuzaliwa, shule na simu ya mzazi, itamuunganisha Nakato na pacha wake Babirye, kwa kuwa yote matatu yanafanana. Kwa mapacha wa kiume, Wasswa na Kato, ni hivyohivyo. Uganda mapacha si wachache kiasi cha kupuuzwa, na kumpa mmoja alama za mwenzake ni kosa ambalo hugunduliwa siku ya mahafali.

Fuata mpangilio huu:

1. Toa orodha kutoka kila mfumo na uziweke kwenye OpenRefine, programu ya kusafisha data. Geuza herufi zote ziwe kubwa, ondoa nafasi za ziada, tenganisha majina.
2. Oanisha kwa namba ya mtihani wa UACE (wa kumaliza kidato cha sita) *pamoja na mwaka*. Namba ya kituo na mtahiniwa hujirudia kila mwaka, kwa hiyo peke yake haitoshi.
3. Waliobaki, wakiwemo walioingia kwa diploma, waoanishe kwa NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) yenye herufi na tarakimu 14. Wanafunzi kutoka Kenya, Sudan Kusini au Kongo hawana NIN ya Uganda. Watengee safu yao. Usitumie namba ya pasipoti kama ufunguo wa kudumu, kwani hubadilika pasipoti ikifanywa upya.
4. Wasiooana hata hapo waamuliwe na mtu, faili la karatasi likiwa mezani. Programu isiruhusiwe kuunganisha rekodi yenyewe.

Kisha mpe kila mtu namba ya kudumu ya tarakimu tupu, isiyorithiwa na mwingine kamwe. Usitumie namba ya usajili ya mtindo wa 21/U/0345/PS kama jina la kuingilia. Mikwaju yake (/) huvuruga anwani na majina ya mafaili, na mbaya zaidi, herufi za mwisho zinabeba aina ya udhamini au kipindi cha masomo. Mwanafunzi akihama kutoka jioni kwenda mchana, namba inabadilika na akaunti inapotea.

Akaunti izaliwe pale udahili unapothibitishwa, na ifungwe kwa taarifa kutoka ofisi ya msajili au rasilimali watu, kila usiku, bila mkono wa mtu. Tabia ya kufunga barua pepe ya mwanafunzi anayedaiwa ada ikomeshwe: ndiyo njia ya kumfikishia taarifa ya deni. Waliohitimu wapewe miezi 12 kisha nafasi yao ya hifadhi irudishwe. Google, tangu mwaka 2022, huipa taasisi ya elimu TB 100 za pamoja tu, na akaunti za waliokwenda zao hujaza haraka kuliko unavyodhani.

Kiufundi: saraka kuu (orodha ya akaunti) ya LDAP au Active Directory makao makuu, na nakala yake ya kusoma tu katika kila kampasi. Hiyo nakala ndiyo inayowezesha kampasi kuingia kwenye Wi-Fi na maabara wakati njia imekatika. Weka pia seva ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) na ya saa papo hapo. Saa zikitofautiana kwa zaidi ya dakika 5, Kerberos, utaratibu wa kuthibitisha wanaoingia, hukataa watu wote na fundi hupoteza asubuhi nzima akitafuta tatizo la nenosiri. Juu yake weka Keycloak au SimpleSAMLphp ili mtu aingie mara moja kwa mifumo yote.

Hatua ya 6: eduroam bila vilio

Kila kampasi iwe na FreeRADIUS yake, programu inayothibitisha wanaoingia kwenye Wi-Fi. Mtego wa kwanza ni nenosiri: njia ya kuingia ya PEAP-MSCHAPv2 inadai nenosiri lihifadhiwe kwa muundo wa NT. Kama LDAP yako inalihifadhi kwa muundo mwingine kama SSHA au bcrypt, PEAP haitafanya kazi hata ukifanyaje; tumia njia ya EAP-TTLS yenye PAP. Mtego wa pili ni cheti kinachothibitisha kwamba seva ni ya chuo kweli. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 11 haziruhusu tena kuruka ukaguzi wa cheti, kwa hiyo maelekezo ya zamani ya "chagua usikague" yafutwe. Wape wanafunzi programu ya geteduroam au kifurushi cha eduroam CAT kinachoweka kila kitu chenyewe. Tumia mamlaka yako ya vyeti ya muda mrefu na uandike tarehe ya kuisha kwenye kalenda ya watu wawili. Cheti kikiisha Jumatatu, chuo kizima kinakosa Wi-Fi Jumatatu hiyo.

Hatua ya 7: Usajili, malipo na alama

Vyuo vya umma hupokea ada kupitia PRN (namba ya kumbukumbu ya malipo) ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda: mwanafunzi anatoa namba kwenye mfumo, analipa benki au kwa simu, kisha taarifa inarudi. Panapoharibika ni kati ya kulipa na kurudi kwa taarifa. Mtandao ukichelewa, mwanafunzi anabonyeza tena na kupata PRN ya pili. Mfumo umrudishie ileile ya kwanza mradi muda wake haujaisha na kiasi ni kilekile. Kila usiku kazi ya upatanisho ilinganishe malipo ya siku na leja za wanafunzi, na zisizooana zimfikie mhasibu saa mbili asubuhi kama orodha fupi, zisisubiri mwanafunzi aje na risiti.

Kuhusu alama, hofu kubwa ni mtu wa ndani kuliko mdukuzi wa mbali. Kubadilisha alama iliyokwisha kupitishwa kuhitaji watu wawili, sababu iliyoandikwa, na kumbukumbu inayotumwa papo hapo kwenye seva ambayo msimamizi wa mfumo hana uwezo wa kuifuta. Uthibitishaji wa hatua mbili uanze na ofisi ya msajili, fedha na wasimamizi wa seva. Tumia programu ya simu inayotoa namba za kuingilia zinazobadilika kila baada ya muda mfupi. SMS hugharimu, na laini ya simu inaweza kuibiwa kwa kubadilishiwa kadi.

Hatua ya 8: Seva, wingu na chelezo

Barua pepe na nyaraka ziende wingu. Usikae ukiendesha seva ya barua pepe mwenyewe. Weka SPF, DKIM na DMARC (kinga dhidi ya barua pepe zinazojifanya zimetoka chuoni), ukianza DMARC kwa kutazama ripoti tu kwa wiki kadhaa kabla ya kukataza. Lakini usipeleke kila kitu nje. Kuanzia 13 Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Moodle (mfumo wa masomo ya mtandaoni) iliyo ndani ya mtandao wa chuo, ikiwa na DNS ya ndani, hufunguka hata siku kama hizo. Kwa hiyo Moodle, saraka na mfumo wa usajili vibaki nchini, kwenye seva za chuo au za RENU.

Makao makuu weka seva tatu za Proxmox (programu inayogawa seva moja kuwa seva pepe nyingi) kama kundi moja. Usijaribu kutandaza kundi hilo kati ya kampasi: linahitaji ucheleweshaji mdogo sana, na faiba ikikatika upande wenye seva chache hujizima wenyewe. Kampasi ya pili iwe na seva inayojitegemea, ikipokea nakala.

Chelezo ni nakala tatu, kwa aina mbili za hifadhi, moja ikiwa kampasi nyingine, na angalau moja isiyoguswa na mtandao. Mabadiliko ya GB 50 kwa usiku hupita kwenye Mbps 100 kwa muda wa saa moja na dakika chache. Nakala ya kwanza ya TB 6 ingechukua zaidi ya siku tano kwenye njia hiyohiyo; ipeleke kwa diski ndani ya gari, iliyofungwa kwa usimbaji. Kila robo mwaka rejesha mfumo mmoja kamili kwenye seva tupu na uandike ulitumia saa ngapi.

Hatua ya 9: Sheria

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka ujisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, uitaarifu data inapovuja, na uhakikishe ulinzi unaotosha pale data inapohifadhiwa nje ya Uganda. Kwa vitendo: teua afisa wa data, soma mkataba wa mtoa wingu kabla ya kusaini, na uondoe majina kwenye orodha za matokeo zinazobandikwa ukutani au kusambazwa WhatsApp.

Hatua ya 10: Dawati la huduma na watu

Dawati halisi la huduma katika vyuo vingi ni kundi la WhatsApp. Usipigane nalo. Weka namba moja ya chuo, na anayeipokea afungue tiketi kwenye programu ya dawati kama GLPI au Zammad kwa kila tatizo. Baada ya miezi mitatu utaona ni kabati gani au mfumo gani unaokula muda, na hiyo ndiyo hoja ya kupeleka kwa baraza la chuo wakati wa bajeti.

Kila kampasi iwe na mafundi wawili, swichi moja ya akiba ikiwa imeshapangiliwa, vifaa vya Wi-Fi vya akiba asilimia 10, na moduli nne za faiba. Manenosiri ya vifaa yakae kwenye programu ya kutunza manenosiri kama Bitwarden au KeePass, na nakala ya dharura ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri kwenye sefu ya katibu wa chuo. LibreNMS au Zabbix ifuatilie kila swichi na kila UPS, na iwe na njia ya kutuma onyo isiyopita kwenye mtandao inaoufuatilia.

Anza na kampasi ndogo kuliko zote, hatua ya 2 hadi ya 6, kisha ifanyie jaribio kabla ya kwenda nyingine. Chagua Jumatano saa nne asubuhi, katikati ya muhula, taarifa ikiwa imetolewa. Chomoa njia kuu. Je, mwanafunzi mpya anaingia kwenye eduroam? Moodle inafunguka? PRN inatoka kupitia 4G? Kisha, njia ikiwa bado imechomolewa, zima umeme mkuu na usiwashe jenereta kwa saa 4. Andika dakika ambayo kila huduma ilianguka. Rudisha umeme, na utazame vifaa vinavyowaka vyenyewe na vile vinavyosubiri mtu abonyeze kitufe. Seva iliyopangwa kubaki imezimwa umeme ukirudi, ibadilishiwe mpangilio huo kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) siku hiyohiyo.